MAONI: Kijana, huhitaji kumiliki darubini ndipo upate sayari

Ebu fungua TikTok sasa hivi utafute neno "sayari". Utaletewa mipira ya zambarau na bluu inayong'aa, muziki wa kutisha nyuma yake, na sauti inayokwambia kwamba wanasayansi wamepigwa na butwaa. Nyingi ya picha hizo ni michoro. Hakuna kamera iliyozipiga.

Sasa nikwambie jinsi sayari tatu zilivyogunduliwa mnamo Juni 2018. Hapakuwa na picha ya mpira wowote. Kulikuwa na vipimo vya kasi ya gesi, basi. Timu mbili zilitoa makala zao kwa pamoja. Moja iliongozwa na Richard Teague, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, na nyingine na Christophe Pinte wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Zote zilichunguza nyota changa iitwayo HD 163296, iliyo takriban miaka 330 ya mwanga kutoka hapa. Nyota hiyo imezungukwa na diski kubwa ya gesi na vumbi, na humo ndimo sayari huumbwa. Watafiti waliona kwamba mahali fulani gesi ilikuwa inakwenda kasi kidogo kuliko inavyostahili, na mahali pengine ilikuwa inachelewa. Kuna kitu kilikuwa kinaivuruga. Kwa hesabu zao, ni sayari zenye uzani wa karibu Mshtarii, ile tuliyoizoea kwa jina la Jupita, au maradufu yake.

Lililonifanya niandike makala haya ni hili: data waliyotumia haikuwa mpya. Ilikuwa imekusanywa kwa kazi nyingine, matokeo yake ya kwanza yakachapishwa 2016, kisha ikakaa kwenye hifadhi ya umma. Darubini haikuhitaji kugeuzwa upya kuelekea nyota ile. Kilichobadilika ni jinsi ya kupima.

Msimamo wangu ni kwamba sisi vijana wa Kenya tunaojua kuandika programu, au tunaojifunza, tunajinyima nafasi kwa kudhani anga ni ya wenye darubini. Vyombo vya kupimia gesi hiyo viko wazi, ni vya bure, na vinaendeshwa kwenye laptopu ya kawaida. Tunachokosa ni mazoea ya kupima.

Gesi ya jiko la makaa

Tuanze na gesi yenyewe, kwa sababu unaijua. Sehemu kubwa ya diski ni haidrojeni, lakini haidrojeni kwenye baridi ile haitoi mawimbi tunayoweza kuyanasa kwa urahisi. Kwa hivyo watafiti hufuata kaboni monoksaidi. Ndiyo, ileile inayoua watu wanaofunga madirisha usiku na kulala na jiko la makaa chumbani. Huko angani haimdhuru mtu. Hutangaza tu.

Ninasema hutangaza kwa sababu kila molekuli ni kama stesheni ya redio yenye masafa yake. Stesheni moja maarufu ya kaboni monoksaidi iko kwenye gigahezi 230.538. Gesi ikitulia, utaipata hapo hapo. Ikija upande wako, masafa hupanda kidogo. Ikienda zake, hushuka. Umeshasikia jambo hili ukiwa kando ya Thika Road ambulensi inapopita. Ikija, king'ora ni chembamba. Ikishakupita, sauti inakuwa nzito. Ukiwa na sikio zuri na hesabu kidogo, unaweza kukadiria kasi ya dereva bila kutazama barabara.

Kwa gesi ya diski mambo ni hayo hayo, ila kipimo ni kidogo mno. Gesi inayokuja kwetu kwa kilomita moja kwa sekunde husogeza masafa yale kwa chini ya megahezi moja. Kuzunguka nyota yenye uzani wa majua mawili, kama HD 163296, gesi iliyo mbali mara 100 ya umbali wa Dunia na Jua hukimbia kwa takriban kilomita nne kwa sekunde. Tunalijua hilo kutokana na sheria ambazo Johannes Kepler aliandika zaidi ya miaka 400 iliyopita. Lakini msukosuko unaoletwa na sayari ni asilimia chache tu za kasi hiyo. Kwa hivyo unatafuta makumi ya mita kwa sekunde, kutoka mahali ambapo mwanga wenyewe umesafiri miaka 330 kukufikia.

Chombo kinachonasa mawimbi hayo ni ALMA, kule jangwa la Atacama nchini Chile. Ni antena 66 zilizotandazwa kwenye uwanda wa mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kidogo kuliko kilele cha Lenana cha Mlima Kenya. Iligharimu takriban dola bilioni 1.4. Hapo sina la kukudanganya: mimi na wewe hatutajenga ALMA nyuma ya ploti.

Programu ndogo, kazi kubwa

ALMA haikupi picha moja. Hukupa rundo la picha za eneo lilelile, kila moja kwa masafa yake, kama kurasa za kitabu. Watafiti huliita rundo hilo mchemraba wa data. Ukichagua nukta moja ya diski na kupenya kurasa zote, utaona mwangaza ukipanda hadi kilele kisha ukishuka. Mahali kilele kilipo ndipo kasi ya gesi ya nukta hiyo ilipo.

Tatizo ni kwamba kilele halisi kinaweza kuwa katikati ya kurasa mbili. Hapa inaingia programu iitwayo bettermoments, ambayo Teague aliitengeneza pamoja na Daniel Foreman-Mackey. Mojawapo ya mbinu zake itakuchekesha kwa urahisi wake: chukua ukurasa wenye mwangaza mkubwa zaidi, na jirani zake wawili. Pitisha mchirizi wa kwadratiki kwenye nukta hizo tatu, halafu utafute kilele cha mchirizi. Ndiyo, ile kwadratiki uliyoilaani ukiwa kidato cha tatu ukauliza, "Mwalimu, hii itanisaidia wapi maishani?" Basi, jibu limefika.

Ukishapata ramani ya kasi, unahitaji kujua ni ipi ya kawaida na ipi ni kasoro. Kazi hiyo hufanywa na eddy, programu nyingine ya Teague iliyochapishwa 2019 katika jarida ambalo wakaguzi wake husoma msimbo wenyewe hadharani. Eddy huchora diski ya kubuni inayotii Kepler kikamilifu, ikaibadilisha uzani wa nyota, mwinamo wa diski na mahali pa kitovu, mara elfu kadhaa, hadi mchoro ufanane na data kadiri iwezekanavyo. Kisha unautoa mchoro kutoka kwa data. Kinachosalia huitwa mabaki, na ndimo sayari hujificha.

Ipo pia njia nyingine, iliyo karibu na ile ya 2018. Unaikata diski kuwa pete nyembamba. Katika pete moja, gesi ya upande huu inatujia na ya upande ule inatukimbia, kwa hivyo vilele havilingani. Unaisogeza mistari yote kwa kasi unayoibahatisha. Ukipatia, mistari yote inalaliana sawasawa. Ukikosea, inabaki imetawanyika. Kasi inayoipanga vizuri ndiyo kasi ya pete hiyo. GoFish, ambayo jina lake linatokana na uvuvi, hutumia wazo hilohilo la kusogeza na kurundika ili kuvua ishara dhaifu zilizozama kwenye kelele. Na Discminer, iliyoanzishwa na Andrés Izquierdo, haitazami vilele pekee. Huiga umbo zima la mwangaza, ukurasa kwa ukurasa.

Kwa kupima namna hii, mwaka wa 2019 Teague na wenzake waliripoti katika jarida la Nature kwamba gesi ya HD 163296 haizunguki tu. Kwenye mapengo ya diski, inamwagika kutoka juu kuelekea katikati, kama maporomoko ya maji. Fikiria hilo. Watu walipima upepo, ukishuka, mahali ambapo hakuna mtu atakayefika, kwa kutumia hesabu na mistari kadhaa ya Python.

Jinsi nilivyopata "sayari" yangu

Mimi nilijaribu. Jioni moja nilikaa na laptopu yangu kuukuu, nikasakinisha eddy, nikapakua data ya mfano ya nyota TW Hydrae, iliyo takriban miaka 200 ya mwanga kutoka hapa. Stima ilipotea mara moja, bando likaisha mara moja. Hatimaye ramani ya mabaki ikatokea, nusu nyekundu nusu bluu, na rangi zimekolea ajabu. Nikamwita ndugu yangu. Nikamwambia, "Njoo uone, huenda nimepata kitu."

Sikuwa nimepata kitu. Nilikuwa nimeingiza pembe ya diski kinyumenyume, nikaifunga isibadilike. Mchoro wangu ulizunguka upande mmoja na gesi halisi upande mwingine, kwa hivyo nilipotoa moja kutoka kwa nyingine, mabaki yalitoka mara mbili ya kasi yenyewe. Ndugu yangu alicheka hadi akakaa chini.

Lakini usiku ule nilijifunza kuliko kozi tatu za mtandaoni nilizowahi kumaliza. Nilijifunza kwamba makosa yana sura zake. Ukikosea kasi ya jumla ya nyota, ramani nzima huelekea rangi moja. Ukikosea uzani, upande mmoja wa diski huwa mwekundu na wa pili bluu. Ukikosea pembe kidogo, rangi hizo zinagawanyika vilevile, lakini kwa mstari uliokata ule wa kwanza. Anayezijua sura hizi hatapiga kelele za sayari kabla ya kujikagua.

Nilijifunza pia kwamba kuna mambo ambayo data haiwezi kukwambia hata uiulize vipi. Eddy haiwezi, kwa ramani tambarare ya kasi peke yake, kutenganisha uzani wa nyota na mwinamo wa diski. Nyota nzito yenye diski inayokaribia kututazama uso kwa uso hutoa kasi ileile na nyota nyepesi yenye diski iliyoinama zaidi. Lazima kimojawapo ukijue kutoka kwingine. Programu itakupa jibu hata hivyo, likiwa na desimali nyingi za kuvutia. Ni wewe unayepaswa kujua kwamba desimali hizo ni hewa.

Hata wataalamu huongea kwa tahadhari. Shinikizo la gesi linaweza kubadilika kwa sababu nyingine, na nguvu za sumaku pia zinaweza kuikoroga diski. Hakuna aliyeziona sayari zile tatu zenyewe mwaka ule wa 2018. Ni gesi iliyozitaja, na watu wanaendelea kuihoji.

Sasa itanilipia rent?

Najua unachowaza. Kazi hakuna, rent inadaiwa tarehe tano, na huyu anatuletea habari za gesi ya Chile. Swali hilo ni la haki na sitalikwepa. La, kupima diski hakutakulipia rent mwezi ujao.

Lakini jiulize unafanya nini sasa na ujuzi wako wa Python. Wengi wetu tumekusanya vyeti. Tumejenga kikokotoo, orodha ya mambo ya kufanya na tovuti ya duka lisilokuwepo, kwa sababu mwalimu wa YouTube alisema hivyo. Mwajiri ameona vikokotoo mia. Hajaona mtu aliyechukua data halisi yenye kelele, akapima kitu, akasema jibu lake linaweza kukosea kwa kiasi gani, na akaonyesha alivyolijua hilo. Ujuzi huo ndio unaotakiwa anayekadiria mvua, anayefuatilia ugonjwa, au anayekagua kama mkopo utalipwa. Gesi ya HD 163296 ni uwanja mzuri wa mazoezi kwa sababu ni ngumu vya kutosha, na ukikosea hakuna mgonjwa atakayeumia.

Kuna atakayesema laptopu yake ni dhaifu na bando ni ghali. Ni kweli, na data ghafi ya ALMA ni mzigo mzito kwelikweli. Ila huanzi na data ghafi. Michemraba iliyokwisha kusafishwa hupakuliwa tayari. Data ya ALMA yenyewe hufunguliwa kwa umma baada ya muda wa kawaida wa mwaka mmoja, na mradi wa exoALMA, uliochapisha matokeo ya diski 15 mwaka wa 2025, umeweka yake wazi. Unaweza pia kuendesha programu hizi kwenye tarakilishi za mbali zinazotolewa bure mtandaoni, nawe ukabaki na simu na kivinjari. Mkikusanyika watano, mkapakua mara moja kwenye WiFi ya maktaba na kupeana kwa flashi, gharama inagawanyika.

Mwingine atasema hesabu hazimwingii. Nimeshakwambia: kwadratiki, saini na kosaini. Hizo ulizifanya KCSE. Tofauti ni kwamba mara hii hakuna majibu nyuma ya kitabu.

Bahari ilikuwa yetu

Kuna kisa kimoja cha hapa nyumbani ambacho hunikaa rohoni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ambayo ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kazi yake ilisaidia kumpa kiongozi wake, Riccardo Giacconi, Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu. Kuisoma data ilikuwa kazi ya wengine.

Silaumu mtu. Mwaka ule, kijana wa Malindi angeipata wapi data hiyo hata angeitaka? Hakukuwa na intaneti wala tarakilishi ya kuweka mapajani. Kijana wa leo hana udhuru huo. Hifadhi iko wazi usiku na mchana, na haimuulizi mtu pasipoti. Leseni ya eddy inakuruhusu kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza bila kulipa senti. Hata msimbo wake uko mbele ya macho yako, mstari kwa mstari.

Na mambo yanaanza kusogea. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha shahada ya astronomia na astrofizikia. Kenya ni mojawapo ya mataifa ya Afrika yanayoshirikiana katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, ambayo sehemu yake inajengwa Afrika Kusini. Darubini hiyo itamwaga data nyingi kiasi kwamba wa kuitazama hawatatosha. Je, itakapomwagika, tutakuwa watu wa kupima au watu wa kusambaza picha?

Ombi langu kwa wahadhiri ni dogo. Mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi akija na mradi wa mwisho ambao umerekebisha kosa kwenye programu huria inayotumiwa na watafiti duniani, au umeandika maelezo bora ya jinsi ya kuitumia, msimwambie "hii si mfumo". Mpeni alama zake. Aliyeboresha rula amewasaidia wote wanaopima.

Kwako wewe, ombi langu ni wikendi moja. Chagua programu moja kati ya nilizozitaja. Fuata mfano wake hadi upate ramani ileile waliyoipata wenyewe. Kisha iharibu kwa makusudi: sogeza kitovu, geuza pembe, badilisha uzani, uone mabaki yanavyolalamika. Ukikuta maelezo yana pengo, waandikie wenye programu. Ukikosea kama mimi, mwite ndugu yako akucheke, halafu urudie.

Na kati ya Julai na Septemba, usiku stima ikipotea mtaani, toka nje utazame juu, kusini kidogo ya utosi. Kundi la nyota la Mshale hupita hapo, na HD 163296 imo ndani yake. Huwezi kuiona kwa macho matupu, lakini darubini ndogo ya mkono inatosha kuinasa kama nukta. Gesi yake inazunguka hivi sasa tunapoongea, na vipimo vyake viko kwenye hifadhi, vinamngoja yeyote mwenye subira ya kuvisoma.